Kiranja si Mnyapara

Kila mwaka ufikapo msimu wa kuchagua viranja, shule zetu za sekondari hubadilika sura. Kuta hujaa mabango. Vijana ambao jana mashati yao yalikuwa nje ya suruali leo wamefunga tai na wamepaka viatu rangi. Hotuba hutolewa katika ukumbi wa chakula kwa sauti ambazo zingemfaa mgombea ubunge: mmoja huahidi chai ya maziwa, wa pili huahidi filamu kila Jumamosi, wa tatu huapa kwamba maharagwe yenye wadudu hayataonekana tena sahanini. Kura hupigwa na kuhesabiwa hadharani, na washindi huapishwa mbele ya wazazi. Kesho yake kiranja mkuu mpya huamka saa kumi na moja alfajiri, hushika kengele, na kazi yake ya kwanza ni kuandika majina ya waliochelewa kuamka.

Hapo ndipo ninapomwomba ndugu msomaji tusimame kidogo. Kijana huyu amechaguliwa na mamia ya wenzake, lakini hana lolote awezalo kuwafanyia. Maziwa aliyoyaahidi hayamo mikononi mwake. Yamo kwa mtunza stoo, kwa mhasibu, kwa mkuu wa shule, na juu yao ipo bodi ambayo yeye huiona siku za sherehe tu. Alichokabidhiwa ni daftari la majina na, katika baadhi ya shule, kiboko, ingawa hapa Uganda sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekwisha kupiga marufuku viboko shuleni. Mamlaka yake yote yanateremka chini kwa wenzake. Hakuna hata chembe inayopanda juu. Katika mashamba na migodi ya wakati wa ukoloni mtu wa namna hiyo alikuwa na jina lake. Aliitwa mnyapara: ametolewa miongoni mwa vibarua ili awasimamie vibarua kwa niaba ya bwana.

Fananisho hilo sikulitafuta mbali. Utaratibu wa viranja tuliurithi kutoka shule za bweni za Uingereza. Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby tangu mwaka 1828 hadi alipofariki mwaka 1842, hakuubuni, lakini ndiye aliyeupa heshima na kuufanya kuwa nguzo ya malezi: wanafunzi wa kidato cha juu wakabidhiwe utawala wa wadogo zao, na mkuu wa shule awatawale wote kupitia hao wachache. Wamisionari walipoanzisha Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, walikuja na mfano waliolelewa nao wenyewe. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikijenga nje ya ua wa shule utawala wa namna ileile, gavana akiwatawala wenyeji kwa mikono ya machifu. Shule ikawa koloni dogo. Mkuu wa shule ndiye gavana, viranja ndio machifu, na wanafunzi wa kidato cha kwanza ndio raia waliopaswa kushukuru.

Sisemi kwamba utaratibu huo haukuzaa matunda. Wapo viongozi wengi wa nchi hizi waliojifunza kuwahi, kupanga watu na kusimama mbele ya umati kwa kuwa viranja, na mwalimu mmoja mwenye wanafunzi themanini bwenini hawezi kuwalaza wote peke yake. Lakini machifu wa nje ya ua tuliwaondoa katika nafasi hiyo zamani, tukaweka mabaraza na mabunge. Ndani ya ua hatujafanya hivyo. Tumeongeza sanduku la kura tu, kisha tukaacha kazi ileile ya mnyapara. Na pengine tumezidisha ubaya, kwa sababu chifu aliyeteuliwa hakuwa na ahadi aliyoivunja. Kiranja aliyechaguliwa anazo, na wenzake wanazikumbuka kila wanapokunywa uji.

Ndugu zetu wa Tanzania wamekwenda hatua moja mbele kwa upande wa majina. Huko husemwa serikali ya wanafunzi, na baraza lake lina mawaziri: waziri wa chakula, waziri wa taaluma, waziri wa usafi na mazingira. Majina hayo yanapendeza. Hata hivyo, waziri wa chakula ambaye wizara yake yote ni kunyoosha foleni mbele ya jiko bado ni mnyapara aliyepandishwa cheo. Jambo la kusikitisha ni kwamba Tanzania yenyewe ndiyo iliyoeleza mapema jinsi ya kuepukana na hali hiyo. Katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka kila shule iwe pia shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi hiyo na katika kuamua mapato yake yatumikeje. Katika shule nyingi kilichoshikwa ni jembe, na uamuzi ukaachwa njiani. Vijana walilima, mavuno yalikwenda wapi, hawakuulizwa.

Atatokea msomaji aseme kwamba haya ni mambo madogo, mambo ya chai na maharagwe. Namwomba atazame upande wa mashariki.

Kenya imelipa gharama kubwa kwa ajili ya swali hili. Mwezi wa Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya St. Kizito huko Meru, wavulana walipanga mgomo na wasichana wakakataa kujiunga nao. Usiku wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi walinajisiwa. Mwaka 1999 katika shule ya wavulana ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao usiku, wakawamwagia petroli na kuwatia moto. Wote wanne walikufa. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa, wakafa wavulana 67. Hakuna malalamiko ya chakula wala ya mitihani yanayoweza kuhalalisha hata moja ya vifo hivyo, na waliofanya hivyo ni wauaji. Lakini kisa cha Nyeri kinatufunza jambo ambalo hatuna haki ya kulifumbia macho. Vijana wale wanne hawakutunga kanuni za shule. Hawakuwa na sauti katika bodi, wala hawakupanga bajeti ya jiko. Waliwekwa mbele kama ukuta kati ya wakubwa na wanafunzi, na hasira iliyokosa mlango ikaangukia ukuta.

Baada ya Kyanguli serikali ya Kenya iliunda tume chini ya Bi. Naomi Wangai kuchunguza nidhamu na ghasia mashuleni. Ghasia zilirudi kwa wimbi kubwa mwaka 2008, na mwaka 2009 likaundwa baraza la taifa la wanafunzi wa sekondari kwa msaada wa UNICEF, ili viongozi wa wanafunzi wachaguliwe na wenzao badala ya kuteuliwa na walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaenda mbele zaidi: mwakilishi wa baraza la wanafunzi akapewa kiti katika bodi ya usimamizi ya shule, ingawa ni kwa wadhifa wake tu. Hiyo ni hatua ya kusifiwa.

Hata hivyo mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini humo zilichomwa moto. Wapinzani wa mabaraza ya wanafunzi hupenda kuutaja mwaka huo. Mmewapa vijana kura, husema, na bado wanawasha viberiti. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuipime vizuri. Mojawapo ya malalamiko yaliyosikika sana mwaka ule lilikuwa juu ya kalenda ya mihula, iliyobadilishwa kwa nia njema ya kuzuia wizi wa mitihani. Mabadiliko yalitoka juu. Mabaraza yalikuwapo, lakini kazi waliyopewa viongozi wake ilikuwa kuwatangazia wenzao uamuzi uliokwisha kukatwa. Baraza linalotumika kama kipaza sauti haliwezi kuzima moto, hata lingechaguliwa kwa haki namna gani. Uchaguzi ni mlango wa nyumba. Wenzetu walijenga mlango mzuri, na nyuma yake, katika shule nyingi, hapakuwa na chumba.

Jinsi vijana wanavyoweza kubeba jambo zito wakiaminiwa, au hata wasipoaminiwa, Afrika ilikwisha kuonyeshwa na Soweto. Serikali ya makaburu ilipolazimisha masomo kama hesabu yafundishwe kwa Kiafrikana, wanafunzi wa sekondari walikutana Orlando tarehe 13 Juni 1976 wakaunda kamati ya utendaji, na siku tatu baadaye wakaandamana. Risasi za polisi zilizojibu maandamano hayo dunia nzima inazijua. Kisichosemwa sana ni kwamba kamati ile haikusambaratika. Katika mwezi wa Agosti iligeuka kuwa Baraza la Wawakilishi wa Wanafunzi wa Soweto, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Tsietsi Mashinini wa shule ya Morris Isaacson, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amejulikana shuleni kwake kwa umahiri katika mijadala. Mwaka 1977 baraza hilo la vijana lilipinga kupandishwa kwa kodi za nyumba Soweto, na baraza la mji lililowekwa na makaburu likaporomoka. Wazazi waliokuwa wamekata tamaa waliletewa ushindi na watoto wao. Oktoba mwaka huohuo serikali ililipiga marufuku.

Waliofuata hawakusahau. Chama cha wanafunzi wa sekondari, COSAS, kilichoundwa mwaka 1979, kilidai kwamba viranja walioteuliwa na wakuu wa shule waondoke na mahali pao yakae mabaraza yaliyochaguliwa. Kwa dai hilo na mengine kilipigwa marufuku mwaka 1985. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka, dai likawa sheria: Sheria ya Shule ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inaagiza kila shule ya umma yenye darasa la nane na kuendelea iwe na baraza la wawakilishi wa wanafunzi, na wanafunzi hao wana viti katika bodi ya uongozi. Tena sheria haikupumbaa. Mwanafunzi aliye chini ya umri hawezi kupiga kura juu ya uamuzi unaoitia shule katika mkataba au deni. Naona hapo pana busara kubwa. Mtoto hakutwishwa mzigo wa mtu mzima, wala hakufukuzwa chumbani.

Sasa turudi nyumbani. Katika kidato cha sita chetu wamo vijana waliotimiza miaka 18. Kwa Katiba ya Uganda wanapiga kura ya kumchagua Rais wa Jamhuri. Bungeni wamo wabunge watano wanaowakilisha vijana. Kijana huyohuyo akirudi shuleni Jumatatu, akiuliza gunia la maharagwe limenunuliwa kwa shilingi ngapi, ataambiwa ana utovu wa nidhamu. Huenda akaitiwa mzazi.

Mimi ningependa tuanzie hapo hapo, kwenye gunia la maharagwe, maana ndipo panapowagusa wanafunzi wote na ndipo walimu wanapoogopa zaidi. Wanafunzi wawili waliochaguliwa, mmoja msichana na mmoja mvulana kama shule ni ya mchanganyiko, wawepo stoo siku mzigo unapopokelewa. Waone mizani. Watie sahihi katika daftari pamoja na mtunza stoo. Hawatachagua mfanyabiashara wala kushika fedha. Wataona tu, na kuwaeleza wenzao walichokiona. Faida ya kwanza ni ya mkuu wa shule mwenyewe, iwapo ni mwaminifu. Mwezi maharagwe yanapopanda bei sokoni na posho ikapungua sahanini, hatakuwa na haja ya kuwahutubia wanafunzi mia nane wenye njaa na wasioamini neno. Watakaoeleza ni wenzao waliouona mzani. Ama mkuu asiye mwaminifu, yeye ana sababu nzuri ya kulipinga pendekezo hili, na upinzani wake utatusaidia kumtambua.

Jambo la pili ni jibu. Siku hizi shule nyingi zina sanduku la maoni lililotundikwa ukutani, na sanduku hilo kwa kawaida hufunguliwa na yule anayelalamikiwa. Baraza la wanafunzi likileta jambo kwa maandishi, lijibiwe kwa maandishi katika majuma mawili, na jibu libandikwe ubaoni. Jibu laweza kuwa hapana. Kijana anaweza kustahimili hapana yenye sababu. Asichoweza ni kungoja muhula mzima pasipo neno, huku akiona dalili kwamba barua yake ilifungiwa vitumbua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni apewe nafasi ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Tulitia sahihi. Na pale ambapo sheria haijampa mwanafunzi kiti katika bodi, hakuna kinachomzuia mwenyekiti wa bodi kumwalika aje aeleze haja za wenzake kabla ya wakubwa kuendelea na ajenda zao.

Mipaka lazima iwepo, na baraza lenyewe liijue tangu siku ya kwanza. Alama za mtihani si shauri lake. Mwalimu anayetuhumiwa kosa ana vyombo vyake vya nidhamu, na si haki ajadiliwe na watoto anaowafundisha. Siri ya mwanafunzi mgonjwa, au ya aliyeshindwa kulipa karo, isifikishwe mezani pa kiranja yeyote.

Upo pia uchujaji wa wagombea, ambao katika shule nyingi hufanywa faraghani na walimu. Kuweka masharti ya mahudhurio na mwenendo ni sawa. Lakini mara nyingi mchujo humwondoa kijana mmoja tu, yule anayeuliza maswali, na kuwaacha wanne wanaofanana. Wanafunzi huliona hilo mara moja. Wanapiga kura wakicheka, na kiongozi halisi wa bweni anabaki yule aliyechujwa, akiwa sasa hana cheo, hana wajibu na ana kinyongo. Afadhali mara mia awe ndani ya baraza. Hali kadhalika desturi ile isiyoandikwa popote, kwamba katika shule ya mchanganyiko msichana huwa naibu daima, haina msingi wowote wa elimu ninaoujua.

Nimesema mengi juu ya baraza, lakini kama ningelazimishwa kuchagua kati ya baraza na vyama vya wanafunzi ningechagua vyama, na sioni haya kusema hivyo. Baraza lina nafasi kumi na tano. Vyama vina nafasi kwa kila mtu. Mtoto mwenye haya asiyeweza kugombea chochote anaweza kuwa katibu wa chama cha wapanda miti na kujifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, ujuzi ambao watu wazima wengi hawana. Vyama vya wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968, na wanafunzi wenyewe walikuwa mstari wa mbele. Vikaenea mashuleni kote na kuigwa na nchi nyingine za Afrika. Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani, ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 wakati wanafunzi 12 wa sekondari walipokwenda nyumbani kwa Jane Goodall wakiwa na maswali juu ya mambo waliyoyaona katika mazingira yao. Wazo la kukutana tena lilitokana na maswali hayo, wala halikuwa agizo la wizara. Na Tsietsi Mashinini hakujifunza kusema mbele ya maelfu siku ya maandamano. Ulimi wake ulinolewa katika mijadala.

Lakini tazama vyama vyetu vilivyo. Mwaka wa mtihani vinafungwa, ati vinapoteza wakati. Ratiba inaonyesha saa ya vyama siku ya Ijumaa, na saa hiyo mwalimu wa fizikia huichukua kumalizia mada. Mlezi wa chama cha mijadala ndiye huchagua hoja, na hoja ni ileile waliyojadili baba zao: shule za bweni na za kutwa, kipi bora. Chama cha waandishi kina ubao wa gazeti la ukutani ambalo lazima lisomwe na walimu watatu kabla ya kubandikwa, na likibandikwa lina picha ya mgeni rasmi. Vyama vya dini peke yake ndivyo vinavyostawi, na naamini sababu ni kwamba humo wanafunzi huachwa waendeshe mambo yao wenyewe.

Fedha nazo zina neno lake. Wazazi wengi hulipa ada ya vyama na michezo pamoja na karo. Mwenyekiti wa chama hajui chama chake kimepangiwa kiasi gani, akitaka nauli ya kwenda mashindanoni anabembeleza ofisini kana kwamba anaomba sadaka. Kila chama kipewe fungu linalojulikana, hata likiwa dogo sana, na mweka hazina wa miaka kumi na sita asome hesabu mbele ya wanachama mwisho wa muhula: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na stakabadhi ziko wapi. Akikosea jumla, wenzake watamsahihisha palepale. Akiiba nauli ya kumi na mbili, ataaibika mbele ya watu thelathini akiwa bado na umri wa kujirekebisha, na taifa litakuwa limepata hasara ya shilingi elfu kumi na mbili tu.

Mtaala mpya wa vidato vya kwanza hadi vinne, ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020, unataka mwanafunzi apimwe pia kwa kazi anazozifanya na si kwa mtihani wa mwisho pekee. Wakuu wa shule wanalalamika kwamba hawajui watapata wapi kazi halisi za kuwapa wanafunzi wengi kiasi hicho. Kazi hizo zimo ndani ya ua wa shule: stoo ina mzani, vyama vina hesabu, baraza lina barua zinazongoja kujibiwa. Muhula ujao viranja wapya wataapishwa. Kabla hawajakabidhiwa kengele, mkuu wa shule awaitie mtunza stoo.